Soda na biskuti havilipi deni la chuma



Leo ninapenda tuzungumze juu ya watu ambao huwa tunawasifu sana siku moja na kuwasahau kuanzia siku ya pili yake. Nao ni wachangiaji wa damu. Kila ifikapo tarehe 14 Juni, siku ya wachangiaji damu duniani, hotuba husomwa, fulana huvaliwa na vyeti hutolewa. Mimi sina ugomvi na fulana wala vyeti. Swali langu ni hili: mtu aliyelala kitandani akatoa karibu nusu lita ya damu yake, akapewa soda na biskuti, akaambiwa ahsante sana nenda salama, je, tumekwisha malizana naye?

Mimi nasema bado. Liko deni linalolipwa na ile soda, na liko deni jingine linalobaki mwilini mwake kwa miezi kadhaa. Hili la pili mara nyingi hakuna anayemwambia.

Hoja hii nimeletewa na mama mmoja ambaye ni jirani yangu. Binti yake yuko kidato cha sita. Tangu aingie kidato cha tano, gari la damu limefika shuleni kwao mara tatu, na mara zote tatu binti amejitolea. Mara ya tatu, saa mbili baada ya kutoa, alipanda daladala akakosa kiti, akasimama njia nzima. Alipokuwa akiteremka macho yakaingia giza, akaanguka, akapasuka kipaji cha uso. Kondakta alidhani amelewa. Kidonda kilipona. Lakini miezi miwili baadaye mama akaona mtoto hana nguvu: akipanda ngazi moyo unamwenda mbio, darasani anasinzia, na begani ana mkoba wenye udongo wa kutafuna aliounununua sokoni. Walipompeleka kupima wakaambiwa damu ni 10.

Kwa kawaida ya mitaa yetu, hukumu ilikwisha kutolewa kabla ya mtu kuuliza. Wengine walisema mtoto amenyonywa. Bibi mmoja alikumbusha habari za mumiani. Vijana wa leo huenda hawazijui habari hizi, lakini zama za ukoloni, Dar es Salaam, Nairobi na hata Kampala, watu waliamini kwamba wako watumishi wa serikali wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu, na waliotuhumiwa zaidi walikuwa wazimamoto. Yule mama si mtu wa kuamini mambo hayo. Aliniambia, "Kaka, wewe unasema redioni kila wiki, mbona hili hulisemi? Mwanangu alitolewa damu kupita kiasi, au vipi?"

Hakutolewa kupita kiasi. Lakini yaliyompata ni mambo mawili mbalimbali, na kosa kubwa tunalolifanya ni kuyachanganya yakawa moja.

La kwanza ni kule kuzimia. Watu wengi hufikiri mchangiaji akizimia ni kwa sababu damu imemwishia. Sivyo. Uthibitisho ni huu, kwamba wapo wanaozimia kabla hata sindano haijagusa ngozi, kwa kumwona tu mwenzao anachomwa. Hao wamepoteza damu kiasi gani? Hata tone moja hawajatoa. Kinachotokea ni kwamba mwili, kwa hofu, kwa maumivu, kwa joto au kwa kupungukiwa maji, hupeleka amri mbaya kupitia mishipa ya fahamu. Moyo hupunguza mwendo wakati ambapo ungetakiwa kuuongeza, na mishipa ya damu hutanuka wakati ambapo ingetakiwa kujibana. Damu hushuka miguuni, ubongo ukakosa haki yake kwa muda mfupi, na mtu akaanguka. Akishalala chini damu hurudi kichwani na yeye huzinduka. Kuzimia kwa namna hii peke yake si hatari kubwa. Hatari ni sakafu, ni ukingo wa barabara, ni ngazi ya daladala.

Kiasi cha damu nacho kina sehemu yake. Mfuko mmoja wa damu huchukua kiasi cha mililita 450, pungufu kidogo ya chupa ya bia. Mwanamume wa kilo 80 ana damu ya lita tano na nusu hivi, kwa hiyo hutoa kama sehemu moja ya kumi na mbili. Binti wa kilo 50, ambao ndio uzito wa chini unaoruhusiwa, ana damu ya lita tatu na kitu. Yeye hutoa karibu sehemu moja ya saba. Mfuko ni ule ule, sindano ni ile ile, lakini mzigo haulingani. Ndiyo maana vijana, watu wembamba, wanawake na wanaotoa kwa mara ya kwanza ndio wanaozimia zaidi kuliko wengine.

Aidha, kuna kuzimia kwa kuchelewa, kama kulikompata binti huyu. Mtu huondoka kitandani mzima, akacheka na wenzake, kumbe maji yaliyotoka mwilini hayajarudi. Hurudi taratibu kwa muda wa siku moja au mbili. Katikati hapo akisimama muda mrefu juani, akioga maji ya moto, au akining'inia kwenye daladala lililojaa, giza humwingia. Wanawake hupatwa na hali hii zaidi kuliko wanaume.

Dawa yake haina gharama. Kunywa maji kama nusu lita katika nusu saa kabla ya kutoa. Usiende na njaa. Wakati sindano iko mkononi, kaza mapaja na makalio, legeza, kaza tena, ili damu isikae miguuni. Ukimaliza usiruke kitandani kama mtu anayewahi basi, keti robo saa au zaidi. Ukiona jasho la baridi, kichefuchefu, au masikio yanavuma, usijikaze kiume: lala chini pale pale ulipo, hata kama ni sokoni, na mtu akuinulie miguu. Aibu ya kulala chini sokoni ni ndogo kuliko nyuzi tano za kipaji cha uso. Na siku hiyo usiendeshe pikipiki, wala usipande juu ya nguzo au paa.

Kwa deni hili la kwanza, la maji, soda ile na biskuti zile husaidia kweli. Mimi siyadharau.

Sasa tuje kwenye deni la pili, ambalo ndilo lililonifanya niketi kuandika maneno haya.

Wekundu wa damu unatokana na madini ya chuma. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni, na haziwezi kubeba bila chuma. Katika kila mfuko wa damu unaotolewa, miligramu kati ya 200 na 250 za chuma huondoka. Msikilizaji atasema, miligramu 200 ni kitu gani, ni chembe ya mchanga. Lakini tazama hesabu. Mwanamume mzima mwenye afya huwa na akiba ya chuma ya kama miligramu 1,000, iliyohifadhiwa zaidi katika ini na katika uboho wa mifupa. Mwanamke kwa wastani ana kama 300 tu, kwa sababu kila mwezi hupoteza damu. Na chakula tunachokula kila siku, hata kikiwa kizuri, mwili hufyonza humo chuma ya miligramu moja au mbili basi, na sehemu kubwa ya hiyo hutumika kufidia ile inayopotea kila siku kwa kawaida. Kwa hiyo binti mwenye akiba ya 300 akitoa mfuko mmoja amebakiwa na vumbi ghalani. Akitoa wa pili kabla ghala halijajaa, anakopa mahali pasipo na kitu.

Hapo mtu atauliza, mbona walimpima kabla ya kumtoa? Ni kweli walimpima. Sehemu nyingi kipimo kinachotumika ni kile cha tone la damu kudondoshwa katika maji ya buluu, ambayo ni maji yenye mrututu. Tone likizama, damu ni nzito ya kutosha. Likielea, mtu anaambiwa arudi nyumbani. Ni kipimo rahisi na cha haraka, na kimesaidia mataifa mengi. Lakini kinapima damu inayozunguka tu. Hakipimi ghala. Ni sawa na kumpima mwenye duka kwa bidhaa zilizopangwa mbele ya dirisha, bila kufungua stoo. Mwili una tabia ya kujaza dirisha kwanza hata kama stoo imebaki tupu, kwa hiyo mtu anaweza kufaulu kipimo leo akiwa hana akiba hata kidogo. Akiba yenyewe hupimwa kwa kipimo kingine kiitwacho feritini, nacho hufanywa katika maabara, si chini ya hema uwanjani.

Mambo haya siyasemi kwa kubahatisha. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wachangiaji 215. Wote walitoa mfuko mmoja. Nusu wakapewa kidonge kidogo cha chuma kila siku, nusu wakaachwa kama desturi ilivyo. Wale waliokuwa na akiba ndogo tangu mwanzo, waliopewa kidonge walirudisha sehemu kubwa ya wekundu uliopotea kwa siku 32. Wenzao wasiopewa walichukua siku 158. Siku 158, ndugu wasikilizaji, ni zaidi ya miezi mitano, nao ni watu wanaokula nyama kuliko sisi na ambao hawana malaria. Na katika wale wasiopewa kidonge, watu wawili katika kila watatu walikuwa hawajarudisha chuma yao hata baada ya wiki 24.

Huko Uingereza nako, mwaka 2017 walitangaza matokeo ya wachangiaji zaidi ya 45,000 waliofuatwa kwa miaka miwili. Baadhi waliruhusiwa kutoa damu mara nyingi kuliko kawaida. Damu iliyopatikana iliongezeka, na hospitali zikafurahi. Lakini waliotoa mara kwa mara walilalamika zaidi kwa uchovu, kizunguzungu, kuishiwa pumzi na miguu isiyotulia usiku, na akiba zao za chuma zilishuka.

Hapa kwetu kanuni ni mwanamume akae miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi minne. Ni kanuni nzuri na inalingana na ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Lakini kwa msichana wa miaka 18 anayekula ugali na maharage bwenini, akanywa chai ya rangi juu yake, na pengine ana minyoo ya safura tumboni inayomnyonya kimya kimya, miezi minne inaweza kuwa haitoshi. Kalenda imetimia, ghala halijatimia.

Kuna wanaodhani jambo hili limekwisha tatuliwa na juisi. Nimekwisha ona mtu aliyetoka kutoa damu akaletewa juisi ya rozela, na mwingine soda nyeusi, kwa hoja kwamba vyekundu na vyeusi huongeza damu. Rangi ya juisi si chuma. Kama rangi ingetosha, tungekunywa wino. Chuma inayofyonzwa vizuri iko katika nyama nyekundu, maini, na katika dagaa na samaki. Iliyomo katika mchicha, kunde na maharage ipo, lakini mwili huichukua kidogo sana isipokuwa mtu ale pamoja na chungwa, pera, au akamulie ndimu. Na chai au kahawa juu ya chakula huifungia chuma njia. Kama huwezi kuiacha chai, basi iahirishe kwa saa moja au mbili baada ya kula. Hii peke yake haitajaza ghala lililokauka, lakini itazuia lisivuje.

Baada ya kusikia haya, nina hakika kuna atakayekwenda duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu na kuwagawia watu wote nyumbani kama peremende. Naomba asifanye hivyo. Kisiwa cha Pemba kilitupa fundisho ambalo lilisomwa dunia nzima. Huko zaidi ya watoto 20,000 walihusishwa katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Ilionekana kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na foliki bila kuchaguliwa, katika kisiwa ambacho wakati ule kilikuwa na malaria kali, walilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Lakini wale miongoni mwao waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Mtu mzima aliyechangia damu si mtoto mchanga wa Pemba, hilo naelewa. Lakini kupima kwanza ni busara kwa wote. Mwenye selimundu, kwa mfano, anaweza kuwa na damu kidogo na chuma nyingi, na kidonge hakimfai. Na vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwa sababu mtoto akivimeza vingi ni sumu inayoua.

Sasa lawama ni ya nani? Sioni faida ya kuwalaumu wauguzi wa lile gari. Wanafanya kazi juani, wamepewa idadi ya mifuko wanayotakiwa kurudi nayo, na wodi zinawasubiri. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kungoja utafiti. Katika nchi maskini, Shirika la Afya Duniani linasema hadi nusu na zaidi ya damu inayoongezwa huenda kwa watoto chini ya miaka mitano, na hapa kwetu wengi wao ni watoto waliomalizwa damu na malaria. Asiseme mtu kwamba nimekataza watu wasichangie. Mimi nataka wachangie miaka 20 mfululizo, si mara tatu halafu wakakimbia.

Lakini napenda kusema wazi kwamba tumezoea mno kuwategemea wanafunzi. Shule ni mahali rahisi: vijana 600 wako pamoja, hawana magonjwa mengi, na mwalimu mkuu akisema neno moja foleni inajipanga. Ndiyo maana shule zikifungwa benki za damu hukauka, hapa na kwa jirani zetu wa Kenya vile vile. Maana yake tumewatwika mzigo wa taifa zima watu wenye akiba ndogo kuliko wote, ambao bado mifupa yao inakua. Huku wanaume wa miaka 35 na 40, wenye ghala zilizojaa na matumbo yanayoning'inia, wakipita nje ya uzio wakielekea kunywa bia. Wengi wao huonekana benki ya damu siku ile tu mke au mama amelazwa na daktari amesema tafuteni ndugu wawili. Nilipokwenda msikitini, kanisani, gulioni na kwenye mpira sijawahi kumsikia mtu akiwatangazia hao.

Tena, kijana mmoja akizimia mbele ya wenzake bila mtu wa kumhudumia, wanafunzi 20 waliokuwa kwenye foleni wanarudi darasani, na mwaka unaofuata shule ile haitoi damu. Mifuko inayopotea kwa kuzimia kumoja ni mingi kuliko maji ya chupa tuliyoyabania.

Kwa hiyo mambo ninayoyaomba kwa wahusika ni madogo. Maji yatolewe kabla ya sindano, si baada yake tu. Wenye uzito unaogusagusa kilo 50 wasiruhusiwe kuondoka mpaka muuguzi awatazame wakisimama. Msichana wa shule asitolewe zaidi ya mara moja kwa mwaka, hata kama kalenda inaruhusu na yeye mwenyewe anang'ang'ania. Na pale fedha zinapopatikana, anayetoa mara kwa mara apimwe feritini, na akionekana amepungukiwa apewe vidonge vyake bure, vile vile tunavyowapa mama wajawazito kliniki. Bei ya vidonge hivyo ni ndogo kuliko bei ya soda tunazogawa.

Kadi za wachangiaji nilizopata kuziona zina nafasi ya kundi la damu, tarehe ya kutoa na tarehe ya kurudi. Uongezwe mstari mmoja chini yake, kwa Kiswahili cha kawaida, useme kwamba mwenye kadi hii akiona anachoka kupita kawaida, akiishiwa pumzi ngazini, au akijikuta anatamani udongo au barafu, aende akapimwe kabla ya tarehe ya kurudi kufika. Mpiga chapa hatatoza zaidi kwa mstari huo.